Kati ya Nishani na Altare: Padre Emil Kapaun katika Vita vya Korea

Kasisi wa jeshi hutumikia mamlaka mbili: Kanisa lililompa daraja na jeshi lililompa cheo. Maisha ya Padre Emil Kapaun yanaonesha jinsi mamlaka hizo zinavyoweza kumkumbuka mtu mmoja kwa namna mbili.

Kapaun alizaliwa mwaka 1916 huko Pilsen, Kansas, nchini Marekani. Alipata upadre mwaka 1940, akahudumia askari katika India na Burma mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1948 akarejea jeshini. Julai 1950 alifika Korea. Katika mapigano ya Unsan, tarehe 1 na 2 Novemba, majeshi ya China yalipovizingira vikosi vya Marekani, alikataa kuondoka akabaki na majeruhi hadi alipotekwa.

Kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva wa 1949, kasisi aliyetekwa hahesabiwi kuwa mfungwa wa vita, na anapaswa kuwezeshwa kuwahudumia wafungwa kiroho. Hata hivyo, wakati huo si China, si Korea Kaskazini, wala Marekani yenyewe iliyokuwa imeuridhia mkataba huo. Katika kambi ya Pyoktong, basi, Kapaun hakuwa na kinga. Aliiba chakula akawagawia wenzake, akafua nguo za wagonjwa, na akaongoza sala zilizopigwa marufuku, ikiwemo ibada ya Pasaka ya 1951. Alifariki tarehe 23 Mei mwaka huo, akiwa mgonjwa na kunyimwa matibabu.

Habari hizi zilihifadhiwa na wafungwa walioachiliwa mwaka 1953, wakiwemo wasio Wakatoliki. Serikali ya Marekani ilimtunuku Nishani ya Heshima mwaka 2013 kwa ushujaa wa Unsan, yaani siku mbili za mapigano. Kanisa lilikabiliwa na swali gumu zaidi: ushahidi wa damu hudai kifo kilichosababishwa na chuki dhidi ya imani, ilhali kambini chuki hiyo ilichanganyika na uhasama wa kisiasa, njaa na maradhi. Februari 2025 Papa Fransisko aliidhinisha tamko linalotambua sadaka ya maisha yake, kigezo kilichoanzishwa mwaka 2017.

Kigezo hicho ndicho kinacholingana zaidi na ushahidi uliopo. Nishani inaeleza jinsi Kapaun alivyotekwa. Miezi karibu saba ya kambini ndiyo inayoeleza kwa nini walionusurika hawakumsahau.