Rungwe: Picha Zilizofutwa na Mvua

Mwaka 1879 kijana wa Kiskoti mwenye umri wa miaka 21, Joseph Thomson, alifika nchi ya Wanyakyusa, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, akiongoza msafara ambao hakutumwa kuuongoza. Mkubwa wake, Keith Johnston, alikuwa amefariki mwezi Juni huko Behobeho, na kijana akaamua kusonga mbele. Alikuwa amepita vijiji vingi tangu Dar es Salaam, lakini hapa sifa zilimtoka bila kipimo. Alieleza viwanja vilivyofagiwa vikang'aa, miti mikubwa ya kivuli, na nyumba za msonge zenye kuta zinazoegemea nje. Udongo wa kuta hizo ulifinyangwa kama matofali ya mviringo, kisha ukatiwa madoa kwa mpangilio.

Hiyo ndiyo habari ya kwanza ya maandishi ninayoijua kuhusu uchoraji wa eneo ambalo baadaye Wajerumani walilitawala kutoka Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, wilayani Rungwe. Ni sentensi chache tu za mpita njia.

Tumezoea kusema kwamba kila picha ni hadithi. Sikubali moja kwa moja. Madoa ya Rungwe hayakuwa na mwindaji wala mnyama, hayakuwa na mwanzo wala mwisho. Visa vya nchi hii, vya Ziwa Ngosi na vya mungu Kyala, vilikaa mdomoni mwa wazee. Ukuta ulikuwa na kazi nyingine: kumweleza mgeni, kabla hajapiga hodi, kwamba humu wanaishi watu wenye bidii na wanaojiheshimu. Hayo nayo ni masimulizi, ila mhusika wake mkuu ni mwenye nyumba.

Sasa linganisha na Kondoa, katikati ya nchi. Pale Kolo na milima inayoizunguka, watu walichora kwa rangi nyekundu twiga, tembo, na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Wengine waliokuja baadaye sana wakachora kwa rangi nyeupe. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikwenda kuzinakili picha hizo mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Mwaka 2006 UNESCO ikaziingiza katika Urithi wa Dunia. Kwa nini zimedumu? Kwa sababu zilichorwa kwenye mwamba, chini ya miamba iliyojitokeza mfano wa paa, katika nchi kame.

Rungwe haina ukame wa kuhifadhi kitu. Zipo sehemu za wilaya zinazopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na aliyewahi kupanda basi la Mbeya kwenda Kyela mwezi Aprili hahitaji takwimu. Mvua hiyo ndiyo inayolisha migomba na chai, na ndiyo inayobomoa udongo ukutani. Nyumba ya fito, mianzi na udongo haikai bila kukandikwa upya, na kila inapokandikwa, picha ya jana inazikwa chini ya tope la leo. Mchoraji wa Kondoa alichora mara moja. Wa Rungwe alirudia maisha yake yote, kisha hakubaki na kitu cha kuonyesha.

Halafu likaja tofali la kuchoma. Wamoravian walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, na tangu zama hizo za wamisionari nyumba ya pembe nne ikawa ndiyo nyumba ya heshima, baadaye ikapata bati na saruji. Sioni sababu ya kulia: nyumba isiyovuja ni neema. Lakini madoa hayakuhamia kwenye tofali.

Kusini mashariki kulitokea jambo tofauti. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, akizunguka Lindi, Masasi na Newala, alikuta michoro kwenye kuta za vibanda, na akakusanya picha zilizochorwa na wenyeji kwenye karatasi. Miongo sita baadaye Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora wanyama kwa rangi za mafuta kwenye vipande vya ubao wa masonite jijini Dar es Salaam. Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, lakini mtindo wake umezunguka dunia. Wapo wataalamu wanaodai kwamba asili yake ni michoro ya kuta za Wamakua, watu wa huko huko kusini. Kama ni kweli, basi ukuta wa kusini ulipata ubao wa kuhamia kabla haujaanguka. Wa Rungwe haukupata.

Kilichosalia karibu na Rungwe ni vyungu vya Wakisi, kule Matema na Ikombe, wilayani Kyela. Wanawake huvifinyanga kwa mkono bila gurudumu, kisha huvisugua mpaka viteleze na kuvipamba kwa udongo wa rangi. Vinanunuliwa kwa sababu vinapikia, si kwa sababu ni sanaa, na nadhani hilo ndilo lililoviokoa.

Kama kwenu Rungwe yupo bibi aliyewahi kukandika na kupamba nyumba ya udongo, muulize udongo wa kupambia ulichimbwa wapi, nani alifundisha mpangilio, na nyumba ya nani ilisifiwa kuliko zote. Andika majina ya mahali. Walimu wa sanaa wa Tukuyu wanaweza kuifanya hiyo kuwa kazi ya wanafunzi ya likizo, na haihitaji bajeti.