Reli ya Uvira na Suala la Tambukareli

Kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, garimoshi lilipita katika bonde la Ruzizi, kati ya Uvira na Kamanyola, mwendo wa kilomita 94 hivi. Kutoka hapo, shehena ya Bukavu ilipanda milima kwa barabara.

Njia ya kung'amua treni ilikwishajulikana: mwaka 1872, Mmarekani William Robinson alipitisha mkondo hafifu wa umeme relini. Magurudumu yakiziunganisha reli mbili, mkondo haufiki kwenye swichi ya sumaku. Swichi huachia, na kengele ya tambukareli hulia. Reli ikivunjika, hulia vilevile: hitilafu huhesabiwa kuwa hatari.

Pasipo na chombo hicho, mpita njia hubaki na macho na masikio yake. Basi historia ya reli isihesabu kilomita tu; iulize pia nani aliachiwa kazi ya kuitambua hatari.