Askari Weusi Waliovuka Milima ya Rocky kwa Baiskeli

Ipo picha iliyopigwa mwaka 1896 huko Yellowstone, hifadhi ya kwanza ya taifa ya Marekani. Askari weusi wamesimama na baiskeli zao juu ya miamba ya chokaa iliyojengeka ngazi kwa ngazi na chemchemi za maji moto. Picha hiyo huzunguka sana siku hizi, mara nyingi bila majina wala maelezo, kana kwamba ni kioja cha kutazamwa tu. Wanaume wale walikuwa kazini. Mwaka uliofuata, wenzao na baadhi yao wenyewe walikwenda safari ya kilomita zaidi ya 3,000 ambayo jeshi la nchi yao halikupata kuirudia.

Walitoka Kikosi cha 25 cha askari wa miguu, kimoja kati ya vikosi vinne vya watu weusi vilivyobaki katika jeshi la Marekani baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Ndio hao walioitwa "Buffalo Soldiers", jina ambalo wengi wetu tulilijua kwa mara ya kwanza kupitia wimbo wa Bob Marley. Askari walikuwa weusi, maofisa wao karibu wote weupe. Kuanzia mwaka 1888 kikosi hicho kilikuwa na makao Fort Missoula, magharibi mwa jimbo la Montana, katika bonde lililozungukwa na Milima ya Rocky. Na Mei 1896, miezi michache tu kabla ya picha ile, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imetoa hukumu katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson iliyohalalisha kuwatenga weusi na weupe kwa sheria.

Wazo la baiskeli lilikuwa la Luteni James A. Moss, kijana mweupe kutoka Louisiana aliyehitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1894 akiwa wa mwisho darasani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Farasi hutaka majani, maji na mapumziko, huugua, na mlio wake humjulisha adui kwamba mnakuja. Baiskeli haili wala hainywi, na haifi kwa kiu. Majeshi ya Ulaya yalikwisha kuanza kuzitumia, lakini kwenye barabara nzuri. Moss alitaka kujua zitafaa nini mahali ambapo barabara hakuna. Mkuu wa jeshi, Jenerali Nelson A. Miles, alikuwa akiziamini baiskeli, akamkubalia. Kampuni ya Spalding ikatoa baiskeli zenyewe bila malipo, kwa kuwa safari kama hiyo ingekuwa tangazo kubwa kwake.

Tukumbuke kwamba hizo zilikuwa enzi za wazimu wa baiskeli. John Boyd Dunlop alikuwa ametengeneza tairi la kujazwa upepo mwaka 1888, na katika miaka michache watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakinunua baiskeli kwa mamilioni. Mpira wa tairi hizo una historia chungu karibu na kwetu. Kiu ya soko hilo ndiyo iliyowatia shime mawakala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kuwatesa watu wa Kongo, wakawachapa na kuwakata mikono, ili mpira wa mwituni upatikane. Historia ya baiskeli isiyoitaja Kongo ni nusu ya historia.

Agosti 1896 Moss alianza na askari wanane. Walikwenda kwanza kwenye ziwa lililo kaskazini ya Missoula, safari ya kilomita 200 hivi kwenda na kurudi kwa siku nne, wakipigwa na mvua na kukwama kwenye matope. Baada ya mapumziko mafupi wakaelekea Yellowstone, mwendo wa karibu kilomita 1,300 ukijumlisha na kurudi. Walipanda milima wakizisukuma baiskeli kwa mikono, wakavuka mito wakiwa wamezibeba. Fundi wao alikuwa mmoja wao, John Findley, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha baiskeli Chicago. Pancha, mnyororo kukatika, kanyagio kulegea, yote yalimwangukia yeye, usiku, wenzake wakiwa wamelala. Safari nzima iliegemea mikono ya mtu huyo, na naona ajabu kwamba waandishi wengi humtaja kwa nusu mstari.

Safari kubwa ilianza Juni 14, 1897, saa 11:30 alfajiri. Askari 20, Luteni Moss, daktari mmoja wa jeshi, na Edward Boos, kijana wa miaka 19 mwenye baiskeli yake, aliyekuwa akipeleka habari gazetini. Walikuwa wakienda St. Louis, jimbo la Missouri, umbali wa maili 1,900, yaani zaidi ya kilomita 3,050. Sajenti wao alikuwa Mingo Sanders, mzaliwa wa South Carolina aliyeingia jeshini mwaka 1881. Jicho lake moja lilikuwa limeharibika. Umri wake ulikaribia miaka 40, na vijana waliomfuata hawakumwacha nyuma.

Baiskeli tupu ilikuwa na uzito wa kilo 14 na ushei, na ikishapakiwa ilifika kama kilo 27. Haikuwa na gia za kubadilisha. Mbele ya usukani kulifungwa blanketi na nusu ya hema, kwa kuwa kila askari wawili waliunganisha nusu zao wakapata hema moja. Katikati ya fremu kulikaa sanduku gumu la chakula, chenye nyama ya nguruwe iliyokaushwa, mikate migumu, maharage ya kopo, unga na kahawa. Kila mtu alikuwa na bunduki na risasi 50. Chakula zaidi kilitangulizwa kwenye vituo njiani, kwa hiyo kuchelewa kituo kulimaanisha kulala njaa.

Siku za mwanzo ndizo zilizowaonjesha taabu. Mvua ilinyesha mfululizo, na udongo wa Montana ukilowa hunata kama gundi, ukijaa kati ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu halizunguki. Walilazimika kusimama, kuukwangua kwa visu, kwenda hatua chache na kusimama tena. Waliposhindwa kabisa walipanda kwenye reli, wakaendesha juu ya mataruma kwa maelfu, kila taruma likiwapiga mshtuko mikononi na mgongoni. Kwenye mgongo wa bara, pale mito ya upande mmoja inapoelekea Pasifiki na ya upande wa pili Ghuba ya Meksiko, waliikuta theluji, nao ni mwezi wa Juni. Wakateremka hadi Helena, wakapita Bozeman na Billings, wakapita uwanja wa Little Bighorn ambako mwaka 1876 wenyeji wa asili walimwangamiza Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, na askari wake, kisha wakaingia Wyoming.

Mtu angedhani milima ikiisha taabu nayo imekwisha. Lakini jimbo lililofuata, Nebraska, liliwatesa kuliko milima. Huko kuna vilima vya mchanga vinavyoenea kwa kilomita nyingi, na katika mchanga ule baiskeli ilikuwa mzigo tu. Joto lilipita nyuzi 38, na maji ya visima yalijaa magadi. Waliyanywa kwa kuwa hayakuwapo mengine, wakaugua matumbo mmoja baada ya mwingine, na Moss mwenyewe akabaki nyuma akiwa mgonjwa. Msafara uliendelea. Walipofika Missouri, jimbo lililokuwa la utumwa hadi mwaka 1865, baadhi ya wakulima waliwanyima mahali pa kupiga kambi kwa sababu ya rangi yao, ingawa walivaa sare ya nchi.

Waliingia St. Louis Julai 24, baada ya siku 41. Siku walizosafiri hasa zilikuwa 34, kwa wastani wa kilomita 90 kwa siku. Waendesha baiskeli wa mji walitoka kuwapokea, na maelfu ya watu walifika kambini kwao Forest Park kuwaona. Moss aliandika ripoti akieleza kwamba kikosi cha baiskeli kinaweza kwenda mwendo huo kwa nusu ya muda wa askari wa miguu na kwa gharama ndogo. Aliomba waendeshe tena. Jeshi likakataa, wakarudishwa kwa treni. Mwaka 1898 vita dhidi ya Hispania vilianza, kikosi kikapelekwa Kuba, na habari ya baiskeli ikaishia hapo.

Moss alipanda cheo, akaandika vitabu vya mafunzo ya kijeshi vilivyotumika sana. Sanders alipigana Kuba na Ufilipino. Mwaka 1906 kombania yake ilihamishiwa Brownsville, Texas. Usiku wa Agosti 13 risasi zilipigwa mjini, mtu mmoja akauawa, na wakazi weupe wakawanyooshea kidole askari weusi. Makamanda wao walisema askari walikuwa kambini. Hakuna aliyeshtakiwa wala kusikilizwa mahakamani, lakini Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza askari 167 kwa mkupuo mmoja, bila heshima na bila pensheni. Sanders alikuwa miongoni mwao, akiwa na utumishi wa miaka 25.

Mji wa Missoula leo ndio makao ya chama kikubwa cha waendesha baiskeli wa safari ndefu nchini Marekani, kilichozaliwa kutokana na msafara wa kuvuka bara wa mwaka 1976. Wanaopita njia zile sasa wana gia, lami na ramani, na baadhi hupita wakijua ni nani waliowatangulia, kwa kuwa wapo waliofanya kazi ya kuikumbuka safari ile. Mwaka 1974 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Montana waliirudia kwa baiskeli.

Jeshi la Marekani lilifuta adhabu ya Brownsville mwaka 1972, likawatamka askari wote 167 kuwa hawana hatia. Mingo Sanders alikuwa amefariki mwaka 1929, na pensheni yake hakuipata.