Baa ya Mabwana Shauri Pale Wajir

Wajir iko mamia ya kilomita kutoka baharini, na Ewaso Ng'iro unaoelekea upande huo hupotelea kwenye kinamasi cha Lorian kabla ya kuufikia mji. Hata hivyo, enzi za ukoloni maofisa wa Kiingereza waliiita baa yao ya hapo Royal Wajir Yacht Club, yaani klabu ya kifalme ya mashua. Kuhusu hilo neno la kifalme, kila msimulizi ana mwana mfalme wake aliyepita na kulibariki. Wengi huicheka klabu hiyo kisha wakaendelea na mambo mengine. Lakini baa hiyo ni ushahidi. Inaonyesha jinsi Kaskazini Mashariki ilivyotawaliwa kwa kufungiwa, na kwa nini pombe huko ilikuja kuhesabiwa kuwa kinywaji cha serikali.

Waingereza waliweka kituo Wajir mwaka 1912, na kilichowavuta ni visima. Kwa mfugaji, kisima ndicho kilichoamua nani aishi wapi. Ngamia aliyekaa siku nyingi bila maji aweza kunywa zaidi ya lita 100 mara moja, na lita zote hizo huvutwa kwa mkono: ndoo inashuka kwa kamba, inapanda, inamiminwa horini, huku makundi mengine yakingoja zamu. Anayepanga zamu hiyo ametawala nchi. Sheria ya 1902 iliiwezesha serikali kuifunga wilaya nzima, mgeni asiingie bila kibali. Ile ya 1934 ikawapa maofisa mamlaka ya kuzuia wafugaji kuhamahama na kuadhibu ukoo mzima kwa kosa la mtu mmoja. Mashua za mzaha zilielea katika nchi ambayo maji yake yalikuwa chini ya amri ya hao hao waliokuwa wakinywa.

Kwao Uingereza, mambo yalikwenda kinyume. Sheria ya Bia ya 1830 ilimruhusu karibu kila mlipa kodi kuuza bia nyumbani kwake kwa leseni ya gini 2, na miji midogo ya soko ikajaa vilabu vya wafanyakazi. Nairobi nako, miaka ya 1920, halmashauri ya mji ilifungua ukumbi wa pombe Pumwani ili iwadhibiti Waafrika na kuvuna mapato yao. Baa ya Wajir haikufanana na yoyote kati ya hizo. Haikumwalika mwenyeji wala haikutafuta senti yake. Ilikuwa mahali pa mabwana shauri kukaa peke yao, na upweke huo ulikuwa wa kupangwa.

Atakayepinga atasema jibu ni dini tu: Wasomali ni Waislamu, nani angeingia baa? Ni kweli dini inaeleza kwa nini wenyeji hawakunywa. Haielezi kwa nini bia ilibaki ndani ya ua wa serikali. Mombasa ni mji wa Waislamu kwa karne nyingi, na baa zake zimekuwa mitaani, zikiendeshwa na wafanyabiashara na kujazwa na mabaharia, makuli na wageni wa kila namna. Tofauti ni kwamba Mombasa mtu aliingia na kutoka, ilhali Wajir aliingia kwa kibali. Palipokosekana wahamiaji, hapakuwa na soko la pombe, na pombe ikabaki na ofisa aliyeileta.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: vijana wachache, mbali na kwao, kwenye joto kali, walijitania tu ili wasichanganyikiwe. Sikatai upweke wao. Ila mzaha una maana kwa yule anayeujua mlango wa kutokea. Ofisa alijua atahamishwa, mfugaji hakuwa na uhamisho. Kuliita jangwa bandari kulikuwa njia ya kusema kwamba hapa si kwetu, tunapita.

Mtazamo huo ulirithiwa. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963, wakati vita vya shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, vikianza, haikuondolewa hadi 1991, na kwa miaka yote hiyo mtumishi wa umma kutoka bara aliona kupelekwa Garissa, Wajir au Mandera kama adhabu. Alistarehe kwenye mesi na kantini za kambi, karibu na wenzake, mbali na mji aliotumwa kuuhudumia. Wenyeji nao walijifunza kumtambua mtu wa serikali kwa chupa yake. Kwa hiyo, historia ya Wajir ikiandikwa, klabu ile isiwekwe kwenye sura ya vituko. Mahali pake ni pamoja na sheria za 1902 na 1934, kwa sababu sheria hizo ndizo zilizoijengea ukuta.