Mzimu, Jini na Shetani katika Lugha za Rwanda

Mwanafunzi wa Kigali anayetafsiri habari za Kinyarwanda kwa Kiswahili aghalabu hukwama afikapo kwenye neno umuzimu. Wengi huandika "shetani", wengine "pepo mbaya". Kosa hili halitokani na uvivu wa kufungua kamusi. Lina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na walimu hatuna budi kuijua, kwani aandikaye hivyo humwita marehemu babu yake shetani pasipo kukusudia.

Mzimu wa Kiswahili na umuzimu wa Kinyarwanda ni ndugu wa shina moja la Kibantu. Kadhalika kuzimu na ikuzimu. Katika Rwanda ya kale abazimu walikuwa roho za wafu, hasa wafu wa ukoo. Waliogopwa, naam, kwa kuwa aliyesahauliwa aliweza kuleta maradhi nyumbani. Mpiga ramli, yaani umupfumu, aliulizwa ni nani aliyekasirika, kisha jamaa wakamwekea sadaka katika kibanda kidogo kiitwacho indaro. Lakini mzimu hakuwa adui wa Imana, Mungu Muumba, wala hakuwa askari wa ufalme wowote wa giza. Alikuwa jamaa mwenye kinyongo.

Mbali na hao walikuwapo imandwa, na mkuu wao Ryangombe. Hadithi yasema alikuwa mwindaji hodari aliyepuuza onyo la mama yake asiende mawindoni; akauawa na nyati, na mti wa umuko, wenye maua mekundu, ukawa mtakatifu kwa ajili yake. Waliompokea kwa ibada iitwayo kubandwa, wakiwamo Wahutu, Watutsi na Watwa, walitumaini kuishi naye baada ya kufa juu ya mlima Karisimbi. Wasioingia katika ibada hiyo walingojewa na moto wa Nyiragongo. Ibada za jamii hiyo zilikuwapo Burundi pia, kwa jina la Kiranga, na ng'ambo ya Uganda kwa Wachwezi.

Mwaka 1900 Mapadre Weupe walifungua misheni yao ya kwanza nchini huko Save. Kwao Ryangombe alikuwa mpinzani kuliko wote, na aliyetaka ubatizo alipaswa kumwacha. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: jana asiyemfuata Ryangombe ndiye aliyetishiwa moto, leo ni yule amfuataye. Hata hivyo, tusiwadhanie wamisionari wote kuwa hawakutaka kujua. Padre Arnoux aliichunguza ibada ya imandwa na kuchapisha maelezo marefu juu yake mwaka 1912 na 1913, nasi tunayategemea hadi sasa. Mwami Musinga alikataa ubatizo hata akaondolewa na Wabelgiji mwaka 1931. Mwanawe Rudahigwa akabatizwa mwaka 1943. Tangu hapo kubandwa kukawa jambo la kufichwa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Wamisionari Wakatoliki waliyatumia maneno ya Kiswahili kutaja mambo ya dini mpya: kwa miongo kadhaa Wanyarwanda Wakatoliki walimwomba "Mungu", si "Imana". Waprotestanti walichagua Imana, na Biblia yao nzima ya Kinyarwanda ilitoka mwaka 1954. Hatimaye Wakatoliki nao walirudi kwenye Imana. Mungu wa Kiswahili akaondoka basi, lakini shetani wa Kiswahili akabaki, akiitwa Shitani! Sijui lugha nyingine iliyotutendea hivyo.

Jambo hili si geni duniani. Kwa Wagiriki wa kale daimon alikuwa roho, njema au mbaya; Plato aeleza kwamba Socrates alisikia ishara ya namna hiyo ikimzuia asifanye makosa. Zaburi za Kiebrania zilipotafsiriwa kwa Kigiriki kabla ya Kristo, miungu ya mataifa iliitwa kwa neno la asili hiyo, na tangu hapo likaelekea ubaya. Ndilo lililofika katika Biblia ya Kinyarwanda kama abadayimoni.

Waislamu wa Kigali wana hesabu nyingine. Mji huu uliasisiwa na Richard Kandt mwaka 1907, na miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwamo askari na wafanyabiashara wasemao Kiswahili. Msikiti wa Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913. Jini walilolileta si shetani. Kwa mujibu wa Kurani majini yaliumbwa kwa moto, na sura ya 72, yenye jina lao, yasema wako walio wema na wasio wema. Huko pwani watu walikwenda mbali zaidi: Unguja wana pepo wa kibuki, wanaohusishwa na Bukini, na huchezewa ngoma yao. Mashehe huikemea ngoma, lakini hawakanushi kuwapo kwa majini. Basi Mkristo wa Biryogo atajapo amajini, akimaanisha waovu watupu, jirani yake Mwislamu husikia jambo pana zaidi.

Makanisa ya Kipentekoste, yaliyoongezeka sana Kigali baada ya 1994, yameusukuma mzimu mbali zaidi, kwani katika maombi ya uponyaji hata roho ya ukoo huhesabiwa kuwa dimoni wa kufukuzwa. Hiyo ni imani yao, na si kazi ya mwalimu wa lugha kuihukumu. Kazi yake ni kuuliza nani asemaye. Katika masimulizi ya kale, umuzimu ni mzimu. Katika mahubiri, Shitani na Sekibi ni shetani. Neno imandwa ndilo gumu. Pepo wa pwani hulikaribia, kwa vile naye humpanda mtu na kusema kwa kinywa chake, ila hana Karisimbi wala nyati wala mti wa umuko. Mimi huliacha lilivyo, nikiwataka wanafunzi walieleze kwa sentensi moja chini ya ukurasa.