Jina Chini ya Mchoro: Historia Fupi ya Chama cha Wasanifu Majengo Kenya

Wiki yangu ya kwanza ofisini, miaka ya 1970 ikielekea ukingoni, mzee aliyesimamia chumba cha kuchorea aliniita mezani kwake. Mkononi alikuwa na wembe, anakwangua mstari wa wino uliokosewa kwenye karatasi ile nyembamba inayopenyeza mwanga, polepole, asije akaitoboa. Bila kuinua kichwa akaweka kidole kwenye kisanduku kilichochorwa chini kuliani: jina la mradi, tarehe, kipimo, jina la msanifu, sahihi. Akasema, "Siku utakayoandika jina lako hapa, kijana, nyumba ikipata ufa watakutafuta wewe. Ndiyo maana wakubwa wako wana chama."

Chama alichokitaja ni Chama cha Wasanifu Majengo Kenya, ambacho wengi tunakiita AAK. Kilisajiliwa mwaka 1967, na sasa kinakaribia miaka 60. Nilipoombwa kuandika historia hii fupi nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Msomaji ataona miaka ya mwanzo imepewa nafasi kubwa kuliko hii ya karibuni. Nimefanya hivyo kwa mapenzi. Vijana wataandika ya kwao. Ya wazee wetu yasipoandikwa leo yatapotea.

Kazi yetu ilikuwepo nchini kabla ya chama. Bodi inayosajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi ilianza mwaka 1934, wakati wa ukoloni, na sheria yake ndiyo ile tunayoikariri sote kama Sura ya 525. Ikulu ya Nairobi ilichorwa na Herbert Baker. Ernst May, Mjerumani aliyekuwa amejenga mitaa mizima ya makazi kule Frankfurt, aliishi Afrika Mashariki karibu miaka 20, akatuachia majengo Nairobi na Hoteli ya Oceanic kule Mombasa. Amyas Connell alitoka New Zealand, akapitia Uingereza na Tanganyika, ndipo akafika Nairobi; majengo ya Bunge ni kazi yake. Hawa tunawaheshimu, na wanafunzi wetu wanaendelea kuwasoma. Lakini katika ofisi za zama hizo kulikuwa na watu wengine, Waafrika na Wahindi na Wagoa, waliopima viwanja, waliochora kwa wino hadi usiku, waliobeba mabunda ya ramani mabegani. Majina yao hayakuingia kwenye kile kisanduku cha chini kuliani.

Mwaka 1956 chuo cha Royal Technical College kilipofungua milango Nairobi, mambo yakaanza kugeuka. Usanifu majengo ulifundishwa hapo tangu mwanzo, na chuo hicho ndicho kilichokua kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Kwa muda mrefu kilikuwa shule ya Afrika Mashariki nzima: Mganda, Mtanganyika na Mkenya waligombania rula moja ya T. Kati ya walimu waliopita hapo simsahau Selby Mvusi, msanii na mwalimu kutoka Afrika Kusini. Sikumwahi. Alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1967, mwaka uleule wa kuzaliwa kwa chama. Walionitangulia darasani walimtaja kama mtu aliyewauliza maswali magumu: kiti ni cha nani, nyumba ni ya nani, kabla hujachora umeongea na atakayelala humo?

Na sasa nimtaje Mzee David Mutiso. Nimeketi nikifikiria namna ya kumwandika bila kumpamba kupita kiasi, nikaacha kujizuia. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa msanifu majengo. Alisomea Sheffield, Uingereza, akarudi, akapanda hadi kuwa msanifu mkuu wa serikali katika Wizara ya Ujenzi. Watoto wa siku hizi hawawezi kujua uzito wa jambo hilo. Kijana wa Ukambani, Uluhya au Pwani aliyekuwa na kipaji cha kuchora alikuwa akiambiwa awe mwalimu wa shule ya msingi au karani. Mutiso alipoweka sahihi yake chini ya mchoro wa serikali, wazazi wetu wakajua kumbe kazi hii ipo, na mtoto wao anaweza kuifanya.

Mwaka huohuo wa 1967 ndipo ilipoanza kazi ya jengo ambalo sisi wa chama hulihesabu kuwa la rika letu: Jumba la Mikutano la Kenyatta, KICC. Mutiso alilibuni pamoja na Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe aliyekuja nchini kwa msaada wa serikali ya Norway. Lilianza kama makao makuu ya chama cha KANU, jengo la kiasi. Wazee husimulia jinsi Mzee Kenyatta alivyoangalia mfano wake akataka liende juu zaidi, na kila waliporudi na ghorofa za kuongeza akawa bado anatazama juu. Kisha ikajulikana kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa watafanya mkutano wao wa mwaka Nairobi, Septemba 1973, mara ya kwanza katika Afrika. Jengo likapaa hadi ghorofa 28, mita 105, na mkahawa unaozunguka kileleni. Ukumbi wa pembeni, ule wenye paa lililochongoka, wengine wanaona kibanda cha kiafrika, wengine wanaona ua lililofumba. Mimi naona paa la nyumba ya nyanya yangu. Rangi yake ya udongo wa kuchoma haikuchoka kwa jua la miaka yote hii, na noti zetu zimelibeba mifukoni mwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Nairobi.

Chama chenyewe katika miaka hiyo kilikuwa kidogo kiasi kwamba mkutano ungeweza kufanyika chumba kimoja na kila mtu akajua mwenzake anajenga nini na anadaiwa na nani. Wazungu, Wahindi na Waafrika walikaa meza moja, jambo ambalo miaka 10 nyuma lisingewezekana. Waliamua mapema, na naona ndiyo hekima kubwa ya waasisi, kwamba mlango usifungwe kwa wasanifu peke yao. Wakaingia wakadiriaji majenzi, wapanga miji, wahandisi, na baadaye wasanifu mandhari, wataalamu wa mazingira na wasimamizi wa miradi ya ujenzi, kila kundi na kitengo chake. Wageni kutoka vyama vya nchi nyingine hushangaa. Kwetu ni kawaida: nyumba haijengwi na mtu mmoja, na anayebishana nawe kiwanjani ni afadhali mkutane pia kwenye chai.

Tulikuwa na jarida letu, Plan East Africa, katika miaka hiyo ya 1970. Nililisoma hadi kurasa zikalegea. Ndani yake ulikuta jengo la benki la Nairobi na nyumba ya makuti katika toleo moja. Pwani ilikuwa mioyoni mwa watu wakati huo kwa sababu ya kazi ya Usam Ghaidan, mwalimu wetu kutoka Iraq, aliyeichora Lamu nyumba kwa nyumba na kuichapisha kitabuni mwaka 1975. Kabla yake wengi wetu tulidhani usanifu ni kitu cha kuletwa na meli kutoka Ulaya. Tukaenda Lamu tukaona kuta nene za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko zilizoamua upana wa chumba kwa urefu wake, zidaka zilizochongwa ukutani safu kwa safu, daka lililomzuia mgeni asione ndani hadi akaribishwe. Fundi mmoja wa plasta alinishika mkono akanipitisha vidole ukutani ili nijue chokaa iliyokomaa inavyokuwa. Sikuwahi kupata somo lililozidi hilo. Mwaka 2001 UNESCO ilipouorodhesha Mji Mkongwe wa Lamu kuwa urithi wa dunia, nilikumbuka karatasi za Ghaidan.

Nikumbuke pia ofisi zetu za Professional Centre, Barabara ya Bunge, palipokuwa na ukumbi wa maigizo wa kundi la Phoenix Players. Ilitokea kamati ikawa imekwama kwenye suala la viwango vya malipo, na chini watu wanapiga makofi. Tulicheka, tukaendelea. Ramani za siku hizo zilitoka kwenye mashine zikinuka amonia hadi macho yanatoka machozi, na kijana wa ofisi alizikimbiza City Hall akiwa amezivika mfuko wa nailoni dhidi ya mvua. Mara ngapi mradi wa mamilioni uliokolewa na kijana huyo na mfuko wake!

Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa na milima yake. Kazi za serikali zilipungua, ada za wanachama zilichelewa, na kuna vikao vilivyomalizika usiku watu wakiwa wamenuna. Mwaka 1989 ulipotangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Profesa Wangari Maathai alisimama kuupinga. Miongoni mwetu walikuwepo waliosema kwa sauti na waliosema chini kwa chini. Zama zile kila mtu alipima maneno yake. Bustani ipo, na tunamshukuru. Mwaka 1994 ndugu zetu wakadiriaji majenzi walianzisha taasisi yao. Kulikuwa na maneno, kama kunavyokuwa na maneno mtoto akijenga nyumba yake mwenyewe. Leo tunafanya kazi pamoja vizuri, na wengi wao hawakutoka kwetu.

Kuanzia hapo mambo yamekwenda kasi, nami nayataja kwa mbio. Wenyeviti waliopokezana kijiti, akiwemo Reuben Mutiso, Gideon Mulyungi na Steven Oundo, walikipeleka chama kwenye meza za Afrika na Jumuiya ya Madola. Tulihama mjini tukafika Blue Violets Plaza, karibu na Barabara ya Ngong. Mkutano mkuu wa mwaka Pwani ukawa desturi. Tuzo za Duara zikaanza kutolewa kwa majengo bora. Ripoti ya hali ya majengo na miji nchini ikawa inachapishwa. Vibali vya ujenzi Nairobi vikahamia kwenye mtandao. Mwaka 2011 ikapitishwa sheria ya Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi. Shule za usanifu zikaongezeka: Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja na nyinginezo.

Kuna tarehe mbili ambazo sizitaji kwa mbio. Januari 2006 jengo lililokuwa likijengwa lilianguka Nyamakima. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, katika mvua kubwa, jumba la makazi la Huruma liliporomoka na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Waliokuwa wakiulizwa na wanahabari asubuhi yake walikuwa watu wa chama chetu. Swali lilikuwa lilelile la mzee wa wembe: jina la nani lipo chini ya mchoro? Mara nyingi jibu limekuwa hakuna mchoro, au sahihi iliyoazimwa. Chama kilisema wazi, kinaendelea kusema, na sitaongeza hapa.

Mwaka uliofuata, 2017, chama kilipotimiza miaka 50, Emma Miloyo akachaguliwa kuwa rais wetu, mwanamke wa kwanza. Nakiri nilitokwa machozi. Darasani kwetu wasichana walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Baada yake wamefuata Mugure Njendu, Wilson Mugambi na Florence Nyole. Katika marais hao wanne mfululizo, watatu ni wanawake. Na ndoto ya zamani kuliko zote imetimia: Kanuni za Ujenzi za mwaka 1968, ambazo zilikuwa na umri wa chama chetu kasoro mwaka mmoja, zimepisha Kanuni mpya za Taifa za Ujenzi za mwaka 2024. Kamati ngapi ziliketi juu ya rasimu hiyo, wanachama wangapi walizeeka wakiisubiri! Waliozika wenzao kabla haijapita wanajua ninachosema.

Zimebaki shukrani. Kwa wateja waliokubali kulipia mchoro kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, asanteni. Kwa mafundi na wakandarasi waliotuambia ukweli kwamba ngazi tuliyoichora haipandiki, asanteni sana. Kwa makampuni ya saruji, rangi, vigae na mabati yaliyogharamia mikutano yetu mwaka baada ya mwaka. Kwa walimu wa vyuo. Kwa maafisa wa kaunti waliofungua mafaili yetu kwa haki. Kwa wafanyakazi wa ofisi ya chama, ambao wanajua deni la kila mmoja wetu na hawajawahi kutuaibisha mbele za watu. Kwa wake na waume waliolala taa ikiwaka chumba cha pili, asanteni.

Na kwa mzee wa wembe. Alikuwa mchoraji, hakuwa msanifu aliyesajiliwa, na katika miaka yake yote jina lake halikuandikwa chini ya mchoro hata mmoja. Alifundisha watu watatu ninaowafahamu wanaoweka sahihi zao hadi leo. Familia yake ilinipa rula yake ya T, mti wake umeng'aa pale alipokuwa akiegemeza kiganja. Nitakuja nayo siku ya sherehe ya miaka 60 ya chama na kuiweka meza ya karibu na mlango. Atakayetaka kuishika aishike.