Mashine Isiyo na wa Kuiamsha

Watu wengi wakisikia neno kompyuta hufikiria kioo na vitufe juu ya meza. Lakini kompyuta zilizo nyingi zaidi duniani hazionekani kabisa. Zimefichwa ndani ya mita za umeme, mashine za kufulia, redio na magari. Kazi yangu ni kuziunda saketi za kompyuta hizo ndogo, ziitwazo maikrokontrola, na kuziandikia programu. Ni kazi inayonilisha. Mara moja imeniaibisha, na ndiyo habari ninayotaka kukusimulia, msomaji wangu.

Nilimtengenezea mama mmoja mjane wa mtaani kwetu, Iringa, mashine ya kutotolea vifaranga. Lilikuwa sanduku la mbao lenye balbu za kutia joto, kipimajoto, na maikrokontrola ya kuwasha na kuzima balbu hizo ili joto libaki nyuzi 37.5. Mama akatia trei nne za mayai yenye mbegu, yaani mayai 120, mengine akiwa ameyakopa. Siku ya kumi na nne alipata msiba, akasafiri. Usiku huo umeme ulikatika kwa dakika chache, kisha ukarudi. Mashine iliamka, ikaandika kwenye kioo chake kidogo, "Bonyeza kuanza", halafu ikangoja. Ilingoja siku mbili, katika baridi ya mwezi wa saba. Halikuanguliwa hata yai moja.

Nilikwenda kumpa pole huku maneno ya kuulaumu umeme yakiwa tayari mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa kama inataka mtu wa kuiamsha, mimi niliinunua ya nini? Kuku akishuka kunywa maji, ni nani humwambia arudi kwenye mayai?"

Sikuwa na la kujibu. Jibu nilikuja kulikuta baadaye katika historia ya fani yangu mwenyewe, tena kwenye mashine iliyobuniwa zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Mwaka 1961, maabara ya Instrumentation Laboratory ya chuo cha MIT, huko Marekani, ilipewa kazi ya kubuni kompyuta ya kuongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Wakati ule kompyuta zilijaza chumba. Hii ilitakiwa kuenea ndani ya chombo, na ikatoka na uzito wa kilo 32 hivi. Programu zake hazikuandikwa kwenye sahani wala utepe. Zilifumwa. Katika kiwanda cha Raytheon, mjini Waltham, wanawake walipitisha nyaya kwa sindano katika vipete vidogo vya sumaku: waya ukipita ndani ya pete ni moja, ukipita nje ni sifuri. Aliyekosea hakuwa na namna ya kufuta. Ilibidi afumue, kama anayesuka mkeka.

Mafundi wale walikubali tangu mwanzo kwamba mashine yao inaweza kujikwaa. J. Halcombe Laning alibuni utaratibu wa kuzipanga kazi kwa uzito wake, ili nafasi ikikosekana, iliyo muhimu itangulie. Programu nazo ziliweka alama za mahali zilipofika, ili mashine ikianza upya isirudi mwanzo kabisa. Palikuwa pia na saketi waliyoiita Mlinzi wa Usiku. Programu ikinyamaza kupita kiasi, mlinzi huiamsha kwa nguvu.

Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walikuwa wakiteremka kuelekea mwezini kompyuta ilipotoa hadhari namba 1202. Rada ya kutafutia chombo kilichobaki juu ilikuwa ikiipelekea ishara zisizo na maana, kwa sababu ya kutolingana kwa mikondo ya umeme, na muda wa kompyuta ukaliwa. Mashine ikajianzisha upya, ikaziacha kazi ndogo, ikaendelea kuongoza injini. Hadhari hizo zilitokea mara kadhaa. Huko Houston, Jack Garman, kijana wa miaka 24, alikuwa na orodha ya hadhari zote aliyoiandika kwa mkono, na Steve Bales, wa miaka 26, akasema waendelee. Orodha ile ilizaliwa na kosa: majuma machache kabla, katika mazoezi, Bales aliona hadhari ya namna hiyo akaamuru safari ikatizwe bila sababu ya kutosha. Mkuu wao, Gene Kranz, akaagiza kila hadhari ichunguzwe.

Niliposoma hayo sikuufikiria mwezi. Niliyafikiria mayai 120. Chipu niliyoitumia ilikuwa na sehemu ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, nami sikuigusa. Sababu yake ni ya aibu: mezani kwangu, kila nilipoijaribu mashine, mimi mwenyewe nilikuwapo wa kubonyeza. Niliiandikia programu iliyohitaji niwepo, kisha nikaipeleka mahali ambapo sipo.

Niliiandika upya. Sasa kila dakika inahifadhi siku iliyofikia; ikiamka huisoma kumbukumbu hiyo, na huwasha joto kabla ya kuandika neno lolote kwenye kioo. Nilichomoa waya wake mara ishirini, mchana na usiku, ndipo nikairudisha, pamoja na trei nne za mayai nilizonunua kwa fedha yangu.

Mama hakutaka maelezo. Alichomoa waya mwenyewe, akahesabu kimoyomoyo, akaurudisha, kisha akasimama mbali, mikono ameifungia kwenye kanga. Balbu zikawaka. Aliziangalia kitambo.

"Haya," akasema, "sasa imeanza kuwa kuku."